Pengo la Kukusudia na Pengo la Uzembe: Kuyasoma Makucha ya Chuma kutoka Diaca

Darasani tulizoeshwa kuigawa kazi ya fasihi mafungu mawili, fani na maudhui, tukaambiwa kwamba fani ni chombo na maudhui ndiyo yanayobebwa. Kwa ushairi mfano huo una kasoro, kwa kuwa shairi halimiminwi kutoka chombo hiki kwenda kingine likabaki lile lile. Mahali ambapo mfano huo ni kweli tupu ni kwenye chombo chenyewe. Chombo cha kubebea kina muundo, kina mizani, kina sehemu zinazorudiarudia, na kina makosa ya fundi yanayoonekana kwa anayetazama bila haraka. Makala haya yanakihakiki chombo kimoja cha namna hiyo.

Chombo chenyewe ni yale makucha ya chuma yanayofungwa mbele ya mashine ndogo ya kupakia, ile inayogeuka papo hapo kwa kuyazungusha magurudumu ya upande mmoja mbele na ya upande wa pili nyuma. Watu wengi huiita Bobcat, hata kama kampuni iliyoitengeneza ni nyingine kabisa. Kwa Kireno cha Msumbiji kifaa hicho huitwa garra, yaani ukucha. Kiswahili bado hakijakubaliana jina moja. Wahunzi wetu wana neno koleo kwa kifaa cha kushikia chuma cha moto, lakini koleo hilo hilo ni sepeto kwa mchimba mchanga. Nitayaita makucha, kwa sababu jina hilo linataja umbo, na umbo ndiyo hoja yangu.

Nayasoma kutoka Diaca, kwa kuwa hakuna umbo linalosomeka bila mandhari. Diaca iko katika wilaya ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado nchini Msumbiji, kando ya barabara inayotoka Awasse na kupanda kwenda Mueda, kwenye uwanda wa Wamakonde. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga pwani ya mkoa huu, kikang'oa miti na mapaa. Kabla ya hapo, tarehe 5 Oktoba 2017, mji wa Mocímboa da Praia ulishambuliwa na wapiganaji, na vita vikaenea wilaya kwa wilaya hadi watu wakahama kwa mamia ya maelfu. Majeshi ya Rwanda na Msumbiji yaliukomboa mji huo tarehe 8 Agosti 2021, na wakazi wakaanza kurejea. Anayerejea hukuta nini uwanjani kwake? Fito zilizoungua, udongo wa kuta zilizoanguka, mabati yaliyokunjika, kichaka kilichoota sebuleni, na huenda mwembe uliolala juu ya vyote hivyo. Hayo ndiyo maudhui ambayo chombo chetu kinatakiwa kuyabeba, na fani yake ihukumiwe kwayo.

Yatazame makucha yakiwa yameegeshwa chini. Jicho hukimbilia kwanza chuma: meno yaliyopinda kama mbavu, taya za juu, silinda mbili zinazong'aa. Usomaji huo ni wa haraka. Anayetaka kuyaelewa aanze na mahali pasipo na chuma. Kati ya jino na jino kuna nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayofanya kazi ambayo bakuli la kawaida la mashine haliwezi kuifanya. Bakuli huzoa kila kitu: fito pamoja na udongo, shina pamoja na mchanga. Makucha yakiingia chini ya kifusi cha nyumba ya fito na udongo, kisha yakatikiswa kidogo, fito na mabati hubaki na udongo hurudi chini. Kwa mwenye kiwanja huo si usafi tu. Udongo huo ndio atakaoukandika tena ukutani. Mashine inayoubeba pamoja na takataka na kwenda kuutupa bondeni imemsafishia kiwanja na kumnyang'anya nyumba.

Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi liwe upana wa pengo. Kuna makucha ya mizizi, ambayo sehemu yake ya chini ni meno matupu yaliyopinda mfano wa herufi L. Kuna makucha ya bakuli, yenye sakafu nzima ya chuma na taya juu yake, yanayofaa kwa vipande vidogo vya zege na vyuma chakavu. Kuna makucha ya magogo, yenye meno machache na mkunjo mkubwa, yaliyobuniwa kukumbatia kitu cha mviringo. Muuzaji husifu idadi ya meno kana kwamba wingi ni ubora. Lakini meno yakisongamana kupita kiasi, makucha ya mizizi hugeuka bakuli lenye matundu: udongo mbichi wa masika hukwama katikati, na dereva hubeba tope akidhani amebeba kichaka. Yakiachana mno, fito nyembamba huponyoka. Pima kitu chembamba zaidi unachotaka kukishika, kisha hakikisha pengo halikizidi. Kipimo hicho kinapatikana uwanjani, na anayechagua kwa picha ya muuzaji peke yake hatakipata.

Mashine yenyewe nayo ilianza na swali la nafasi. Mwaka 1957, Cyril Keller na nduguye Louis, mafundi wa kijiji cha Rothsay katika jimbo la Minnesota, Marekani, walimtengenezea mfugaji wa bata mzinga kipakiaji kidogo cha magurudumu matatu. Mfugaji alihitaji kitu chepesi kitakachoweza kuingia bandani, kupita kati ya nguzo na kuzoa mbolea. Mwaka uliofuata kampuni ya Melroe iliuchukua ubunifu huo, mwaka 1960 ikatoka mashine ya magurudumu manne iitwayo M-400, na mwaka 1962 jina la Bobcat likazaliwa. Udogo wa mashine hii ni hulka yake tangu kuasisiwa. Ndiyo maana inapita kati ya nyumba na nyumba, mahali ambapo tingatinga lingebomoa mbili ili kusafisha moja.

Tuje kwenye taya. Makucha mengine yana taya moja pana juu, mengine yana taya mbili, kila moja na silinda yake. Mshairi wa Kiswahili hapa yuko nyumbani, kwa kuwa mshororo wake una ukwapi na utao, vipande viwili vinavyotembea pamoja lakini kila kimoja kina kina chake. Taya moja ni mshororo usiogawanywa: ikikutana na shina nene upande wa kushoto, husimama hapo hapo, na vijiti vya upande wa kulia hubaki bila kushikwa. Taya mbili husomana na mzigo. Ya kushoto husimama juu ya shina, ya kulia huendelea kushuka mpaka ikute vijiti vyake. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka, na fundi wa chuma amewajibu kwa kugawa mshiko wenyewe. Kifusi cha Diaca hakina umbo moja. Mwembe na bati haviko kimo kimoja. Kwa mzigo wa namna hiyo taya mbili si anasa. Kwa mpakiaji wa magogo yaliyonyooka, taya moja inatosha, tena ina pini chache za kutunza.

Sasa mizani. Kiswahili kimetupa neno hili lenye sura mbili, idadi ya silabi katika mshororo na chombo cha kupimia uzito, na hapa sura zote mbili zinatumika. Uwezo wa kubeba unaoandikwa kwenye mashine ya magurudumu huwa nusu ya uzito unaoweza kuipindua kifudifudi. Kwa mashine ya minyororo, kawaida huwa asilimia 35. Uwezo huo hupimwa mashine ikiwa na bakuli lake. Tuseme mashine yako imeandikwa kilo 900, bakuli lake lina kilo 180, na makucha uliyoyapenda yana kilo 380. Zile kilo 200 za ziada umekwisha kuzibeba kabla ya kugusa kitu, na zimebaki 700. Nenda sasa kwenye gogo bichi la mkongo, ambao wenzetu wa Msumbiji huuita chanfuta, lenye urefu wa mita 3 na kipenyo cha sentimita 60. Ujazo wake unakaribia mita za ujazo 0.85. Ukikadiria tani moja kwa kila mita ya ujazo, kama inavyofaa kwa gogo bichi la mti mgumu, una kilo 850 mkononi. Mshororo umezidi mizani, na mashine haina huruma ya mhariri: magurudumu ya nyuma yanaweza kunyanyuka. Tena gogo hukaa mbele zaidi kuliko mchanga unavyokaa ndani ya bakuli, kwa hiyo hata zile 700 ni za kwenye karatasi.

Mpingo una funzo jingine. Mti huu huzama majini, maana mita moja ya ujazo wake hupita kilo 1,200. Kipande cha mita 1.5 chenye kipenyo cha sentimita 30 hukaribia kilo 130, ingawa kwa macho kinaonekana kama kuni za siku mbili. Kwenye uwanda wa Mueda hakuna anayehitaji kuambiwa hivyo. Mchongaji anaujua mpingo begani kabla ya kuujua kwa tezo.

Nimemtaja mchongaji kwa makusudi, kwa sababu nchi hii ina shule yake ya kusoma mapengo. Wachongaji wa Kimakonde waliovuka Ruvuma kwenda Tanganyika, wengi wao wakitafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge, ndio waliokuza ile mitindo inayouzwa hadi leo Mwenge, Dar es Salaam. Roberto Yakobo Sangwani hutajwa kuwa chanzo cha mtindo wa ujamaa, ule wa watu waliopandana kuuzunguka mti mmoja. Chukua kinyago cha namna hiyo ukitazame kwenye mwanga. Kazi ngumu haiko kwenye nyuso. Iko kwenye matundu kati ya mkono wa huyu na kiuno cha yule, ambapo mchongaji alichokoa mpingo mpaka mwanga ukapita bila kuukata mshikamano. Akiacha mti mwingi, watu hugeuka bonge moja. Akiondoa mwingi, mkono huvunjika. Aliyesanifu makucha alikabiliwa na swali hilo hilo kwa nyenzo nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo Wamakonde walilijua na watengenezaji wengi wa makucha hulisahau. Barakoa za mapiko hazichongwi kwa mpingo. Huchongwa kwa mti mwepesi, na ndani hukwanguliwa mpaka ziwe nyembamba, kwa sababu kuna mtu atakayezivaa kichwani acheze. Uzito wa chombo hutozwa kwa mbebaji. Makucha yaliyojazwa mabamba manene kila mahali huonekana ya kiume dukani, lakini kila kilo ya bamba ni kilo iliyoibwa kwenye mzigo. Fundi mzuri huweka chuma kigumu, kile cha daraja la 400 kwa kipimo cha Brinell, kwenye ncha za meno na kingo zinazokwaruzwa. Kwingine hutumia chuma cha kawaida. Mgawanyo huo unafaa zaidi mahali kama Diaca. Chuma cha kawaida kikipinda, fundi wa kuchomelea mwenye jenereta anaweza kukinyoosha na kukiunga. Chuma kigumu kikichomelewa kwa pupa, bila kupashwa joto kwanza, hupasuka tena pembeni mwa kiungo kipya.

Mpaka hapa nimesifu mapengo. Lakini lipo pengo la namna ya pili, ambalo msanifu hakulikusudia, na hilo ndilo linalotenganisha makucha ya mwaka mmoja na makucha ya miaka kumi. Tafuta mahali taya inapofungwa kwenye fremu. Pana pini ya chuma iliyopita ndani ya bushi, na kati ya hizo mbili pana nafasi nyembamba mno inayojazwa grisi. Grisi ikikauka, chuma husuguana na chuma. Mchanga ukiingia humo na kuchanganyika na grisi ya zamani, huwa msasa. Nafasi hukua, taya huanza kucheza kushoto na kulia, ncha zake hazikutani tena na meno ya chini, na kila mshtuko wa mzigo hupiga tundu na kulipanua. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta ni tundu lililokuwa yai, linalohitaji karakana yenye mashine ya kutobolea, na karakana hiyo haiko jirani.

Dawa yake ina umbo la kibwagizo. Kila baada ya saa 8 hadi 10 za kazi, pini zote zipigwe grisi mpaka ile ya zamani, nyeusi, itoke pembeni na ile mpya ionekane. Mashairi mengi hubebwa na mshororo unaorudi, na msikilizaji huusubiri. Matunzo ya makucha ni hivyo hivyo: hakuna siku ambayo mshororo huo una jambo jipya la kusema, na siku usiposemwa shairi limevunjika. Anza kwa kufuta chuchu ya kuingizia grisi kwa kitambaa, la sivyo bomba la grisi litasukuma mchanga ndani kabla ya grisi. Tenga dakika kumi jioni, wakati chuma bado kina joto na grisi inapenya kwa urahisi.

Baada ya pini, soma mipira ya haidroliki. Makucha hayahitaji mkondo mkubwa wa mafuta. Mkondo wa kawaida wa mashine unatosha kufungua na kufunga taya, kwa hiyo usikubali kuuziwa mashine ya bei kubwa kwa sababu ya makucha peke yake. Jambo la kuangalia ni njia ambayo mipira inapita. Ikipita nje ya fremu, tawi la kwanza litaikamata. Ikipita ndani, nyuma ya bamba, itaishi. Hili ni kosa la muundo ambalo halisameheki, kwa kuwa kifaa kimekusudiwa kuingia vichakani. Ukiona unyevu wa mafuta, usiutafute kwa kidole. Shinikizo ndani ya mpira hufika baa 200, na uzi wa mafuta unaotoka kwenye tundu dogo huweza kupenya ngozi. Jeraha lake linafanana na mchomo wa mwiba, na bila upasuaji wa haraka mkono hupotea. Pitisha kipande cha boksi, kisha zima mashine na utoe shinikizo kabla ya kugusa mpira. Shafti ya silinda nayo isomwe kwa jicho: mkwaruzo mmoja kwenye mng'ao wake hukata sili kila inapoingia na kutoka. Unapoegesha makucha kwa masika, kati ya Desemba na Aprili, yaache katika mkao unaoificha shafti ndani ya silinda. Kutu haiwezi kula kisichoonekana.

Kiungo cha mwisho ndicho kifupi kuliko vyote na ndicho cha hatari zaidi. Makucha hushikwa na mashine kwa bamba linaloingia chini ya mdomo wa juu, kisha pini mbili za kabari hushuka na kutokeza kwenye matundu ya chini. Umbo hili sasa lina kiwango cha kimataifa, ISO 24410, kilichotolewa kwanza mwaka 2005, na ndilo linaloruhusu makucha ya kampuni moja kukaa kwenye mashine ya nyingine. Lakini mdomo wa juu peke yake unatosha kuyanyanyua makucha, na hapo ndipo umbo linapodanganya. Mashine hutembea, mzigo hupanda, kila kitu huonekana sawa, mpaka mtikisiko wa kwanza. Kama pini za chini hazikupita, makucha yote huanguka pamoja na gogo. Shuka utazame kwa macho kwamba pini zimetokeza. Wenzo wa kufungia pini kulala si ushahidi.

Mandhari inanilazimu kuongeza sharti moja ambalo kitabu cha kiwandani hakina. Septemba 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa imemaliza kuondoa mabomu ya ardhini ya vita vya zamani. Vita vilivyoanza 2017 vimerudisha hofu ya vilipuzi kando ya barabara na ndani ya magofu. Makucha ni mkono usio na hisia. Hauwezi kutofautisha mzizi na kitu kilichofukiwa. Kwenye kiwanja kilichopiganiwa, meno yasiguse kifusi kabla ya wataalamu wa vilipuzi kupita.

Hukumu yangu ni hii. Kwa kazi ya Diaca, ya fito, mabati, vichaka na miti iliyoanguka, makucha ya mizizi yenye taya mbili ndiyo yenye fani inayolingana na maudhui yake. Yasizidi upana wa magurudumu ya mashine kwa zaidi ya kiganja, yawe na chuma kigumu kwenye ncha tu, na mipira ipite ndani ya fremu. Makucha ya bakuli ni mazuri kwa zege, na zege si kifusi cha hapa. Makucha mazito kuliko nusu ya uwezo wa mashine yaachwe dukani hata yakitolewa kwa bei ya kutupa. Unapokwenda kununua yaliyokwisha kutumika, chukua bisibisi ndefu, iingize chini ya taya na uinyanyue. Taya ikicheza kwa upana wa kidole kwenye pini yake, ondoka.